Fahamu: Wayahudi wa Rhodes, Wakasai na swali la uenyeji Lubumbashi

Sinagogi ya Lubumbashi, iliyojengwa mwaka 1930, inatukumbusha kwamba maangamizi ya Wayahudi si habari ya Ulaya pekee. Familia nyingi zilizosali humo zilitoka kisiwa cha Rhodes. Julai 1944 Wanazi waliwakamata ndugu zao huko, zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Waliosalimika ni kama 150 tu. Walikuwa wameishi kisiwani kwa karne nyingi, na hilo halikuwaokoa.

Nasi jambo hilo linatuhusu. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai, yaani watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa Katanga, watoto na wajukuu wa wafanyakazi wa migodi na reli, waliitwa bilulu, yaani wadudu, wakafukuzwa kwa mamia ya maelfu. Wengi walikufa wakingoja treni Likasi. Wapo wanaokataa visa hivi kutajwa pamoja, na kwa sehemu wana haki: Katanga hapakuwa na viwanda vya kuua watu, na kulinganisha ovyo ni kuwakosea wafu wote. Lakini kukumbuka hakudai visa vilingane. Kunatuonyesha hatua ya kwanza, ya kumvua jirani uenyeji wake, na hatua hiyo ilipigwa hapa kwetu. Shule za Haut-Katanga zifundishe historia zote mbili, wangali hai walioziona.