Je, Wajua? Betri Iliyojaa Haigandi kwa Baridi

Betri ya gari iliyochajiwa ikajaa huweza kukaa nje katika mji wa Winnipeg nchini Kanada, ambako usiku wa Januari joto huweza kushuka hadi nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri, pasipo maji yake kuganda. Ilhali betri ya aina hiyo hiyo, ikiwa imeachwa ikaisha chaji, huweza kuganda baridi inapofika nyuzi 10 tu chini ya sifuri, na barafu inapotanuka ndani yake hupinda mabamba na kupasua kasha. Chanzo cha tofauti hiyo ni chaji yenyewe, kwa maana umeme uliomo ndani ya betri ndio unaoamua maji yake yatakuwa na asidi kiasi gani, na asidi ndiyo inayozuia kuganda.

Jambo hili lina uzito mkubwa Kanada, kaskazini mwa Marekani, Uswidi na Ufini, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula mabati ya gari. Wenye magari ya zamani, pikipiki na magari ya kutalii yenye vitanda huona heri kuyaweka kando kuanzia Novemba hivi hadi Aprili kuliko kuyaendesha yakaoza. Mwili wa gari hunusurika kwa kukaa bandani, lakini betri haipumziki hata siku moja.

Ili kuelewa sababu yake, inafaa kutazama betri ya risasi na asidi, ambayo Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859 na ambayo, pamoja na maboresho mengi, ingali inawasha magari mengi hadi leo. Ndani yake mna seli sita, kila moja ikitoa takriban volti 2.1, na katika kila seli kuna mabamba ya risasi tupu yanayotazamana na mabamba ya dioksidi ya risasi, yote yakiwa yamezama katika asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, salfa iliyomo katika asidi huhamia kwenye mabamba ya pande zote mbili na kuyageuza kuwa salfeti ya risasi, huku kimiminika kikizidi kuwa maji matupu. Inapochajiwa, safari hiyo hurudi kinyume. Ndiyo maana maji ya betri iliyojaa huwa mazito kwa takriban mara 1.27 kuliko maji ya kawaida, na huganda tu baridi ikipita nyuzi 50 chini ya sifuri, lakini yale ya betri tupu huwa karibu mara 1.12, uzito ambao hauwezi kuhimili hata baridi ya wastani ya nchi hizo.

Kuganda, hata hivyo, ni dhara linaloonekana, na kuna jingine lisiloonekana ambalo huua betri nyingi zaidi. Salfeti inayojitokeza kwenye mabamba huwa mwanzoni ni chembe ndogo na laini, ambazo chaji huziyeyusha kwa urahisi. Zikiachwa kwa wiki kadhaa, huungana na kukua zikawa fuwele ngumu zisizopitisha umeme, zikaziba sehemu ya bamba ambayo ilipaswa kufanya kazi. Betri iliyofikia hali hiyo huonyesha volti nzuri mara tu inapotolewa kwenye chaja, kisha hudhoofika mara stata inapodai nguvu, na mwenyewe hulaumu baridi. Lawama hiyo ina ukweli wa nusu, kwa kuwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri hata betri nzima hutoa chini ya nusu ya nguvu inayoitoa kukiwa na joto, huku oili ikiwa nzito na injini ngumu kuzungushwa. Lakini nguvu iliyopunguzwa na baridi hurudi joto linaporudi, wakati ile iliyozibwa na fuwele kwa kawaida hairudi.

Chaji hupotea kwa njia mbili. Ya kwanza ni betri kujila yenyewe kwa kemia ya ndani, upotevu wa asilimia chache tu kwa mwezi, ambao baridi huupunguza badala ya kuuongeza. Ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni gari lenyewe, kwani kengele ya wezi, saa, kompyuta na kipokezi cha ufunguo wa mbali huendelea kunywa umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Gari linalotumia miliampea 50, kiwango ambacho mafundi wengi hukiona kuwa cha juu lakini kinachovumilika, hutumia ampea-saa 1.2 kwa siku, ampea-saa ikiwa ni umeme wa ampea moja uliotoka kwa muda wa saa moja. Kwa hiyo betri ya ampea-saa 60 hubaki nusu baada ya siku 25. Hata gari linalotumia miliampea 20 tu huikausha betri hiyo karibu yote kwa miezi minne.

Kwa hesabu hiyo, kinga iliyo rahisi kuliko zote ni kuchaji betri hadi ijae kisha kuifungua waya, kwa kuanza na ule wa ncha hasi, kwa sababu mwili wa gari umeunganishwa na upande huo na spana ikiugusa haitatoa cheche. Desturi ya kuwasha injini kila wiki kwa dakika tano, ijapokuwa imezaliwa na nia njema, ni bora iachwe: stata huvuta mamia ya ampea, betri baridi hupokea chaji polepole, na injini isiyopata moto huacha unyevu katika oili na katika bomba la moshi.

Palipo na umeme, chaja ya kutunza betri ndiyo iliyo bora, nayo haifanani na chaja za zamani zilizosukuma mkondo ule ule bila kukoma, zikachemsha maji hadi yakagawanyika kuwa oksijeni na hidrojeni, gesi inayoweza kulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Chaja ya kisasa hupandisha volti hadi karibu 14.4, na betri ikijaa hushuka hadi kati ya 13.2 na 13.6, kiwango kinachotosha kufidia kinachopotea bila kuchemsha chochote. Paneli ndogo ya sola husaidia pasipo na umeme, ila Helsinki mwishoni mwa Desemba urefu wa mchana haufikii saa sita na jua huwa chini sana. Anayeishika betri iliyokwisha ganda asiichaji kabisa kabla haijayeyuka na kukaguliwa kama ina ufa.

Hali ya betri hupimwa kwa multimita baada ya kuiacha ipumzike kwa saa kadhaa: volti 12.6 au 12.7 ni betri iliyojaa, 12.4 ni dalili kwamba ichajiwe, na 12.0 ni betri iliyokaribia kuisha, ambayo fuwele zake zimeanza kukua.

Kipimo hicho kinalihusu pia gari linaloachwa Mombasa au Dar es Salaam wakati mwenyewe amesafiri. Huko maji ya betri hayagandi kamwe, lakini kasi ya betri kujila huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto, hivyo betri iliyo katika nyuzi 30 hupoteza karibu mara nne ya ile iliyo katika nyuzi 10, na miezi mitatu ya kuegeshwa bila kufunguliwa waya huweza kuiharibu betri mpya.