Risasi ya Mpanda, Heli ya Rukwa

Treni ya Mpanda huachana na Reli ya Kati pale Kaliua, ikashika njia ya kusini katikati ya miombo, ikavuka Mto Ugalla na kwenda kuishia kwenye mji ambao wakoloni waliuthamini kwa sababu ya madini ya risasi. Tawi hilo la kilomita 210 hivi lilifika Mpanda mwaka 1950, na mzigo wake mkubwa ulitarajiwa kutoka mgodi wa Mukwamba, uliokuwa mali ya kampuni ya Uruwira Minerals. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mgodi ulikuwa umesimama, ila treni ikaendelea kubeba abiria na mahindi.

Risasi hiyo hupatikana ndani ya jiwe liitwalo galena, ambamo imeungana na salfa. Kipande cha galena kinachoenea kiganjani humshtua anayekishika kwa mara ya kwanza, kwa kuwa uzito wake ni zaidi ya mara saba ya maji ya ujazo uleule. Kikigongwa nyundo hupasuka vijisanduku vidogo vya rangi ya kijivu, pembe zake mraba na kuta zake zinang'aa. Hakina mionzi ya kumtisha mtu. Hata hivyo, sehemu ya risasi iliyomo humo zamani haikuwa risasi. Ilikuwa urani na thori.

Hilo hujulikana kwa kuhesabu isotopu. Atomu yoyote ya risasi ina protoni 82 kwenye kiini chake. Zikipungua au kuzidi, hiyo ni elementi nyingine. Nyutroni ndizo zinazotofautiana. Risasi ya asili ina aina nne, zenye nyutroni 122, 124, 125 na 126. Ukijumlisha na protoni unapata risasi-204, risasi-206, risasi-207 na risasi-208, na hayo ndiyo majina yake. Kikemia zote ni ndugu wa damu, wala mfua vyuma hawezi kuzitenganisha.

Kinachozitofautisha ni asili zake. Risasi-204 haizaliwi na kitu chochote kinachovunjika duniani. Yote iliyopo ilikuwapo dunia ilipoumbwa. Zile tatu nyingine huongezeka mwaka hadi mwaka, kwa sababu urani-238 huishia kuwa risasi-206, urani-235 huwa risasi-207, na thori-232 huwa risasi-208. Kwa hiyo risasi-204 ndiyo kipimo ambacho zile nyingine zote hulinganishwa nacho. Galena nayo ina sifa inayowafurahisha wanajiolojia: ikishajiunda haibaki na urani ya maana ndani yake, basi uwiano wa isotopu hugandia pale ulipokuwa siku ile. Mwaka 2004 kundi la watafiti wa Denmark na Tanzania, miongoni mwao Sospeter Muhongo aliyekuja kuwa Waziri wa Nishati na Madini, lilichapisha uchunguzi wa isotopu za risasi kutoka eneo la madini la Mpanda. Walichokuwa wakikifuatilia kilikuwa dhahabu. Risasi ilitumika kama shahidi wa lini na wapi maji ya moto yaliyobeba madini yalipita kwenye miamba.

Urani-238 haigeuki risasi kwa hatua moja. Kiini chake kina protoni 92 na nyutroni 146, mrundikano usioweza kutulia milele. Siku moja hurusha nje furushi la protoni mbili na nyutroni mbili, na mabaki yanakuwa thori-234. Thori hii nayo haitulii: nyutroni yake moja hugeuka protoni na kutoa elektroni, na kiini kinapanda daraja moja kwenye jedwali la elementi. Mambo huendelea hivyo kwa hatua 14, kupitia radiamu, gesi ya radoni na poloni. Nane kati ya hatua hizo ni za kurusha furushi, ambalo wataalamu huliita chembe ya alfa, na sita ni za kutoa elektroni. Mwisho wake ni risasi-206, na hapo mnyororo hukatika.

Hakuna anayeweza kuitazama atomu moja ya urani akataja saa yake ya kuvunjika. Atomu iliyokaa miaka bilioni tatu haina uchovu wowote kuliko nyingine, na uwezekano wake wa kuvunjika kesho ni uleule uliokuwapo mwanzo. Ila zikiwa nyingi, hesabu hutulia na kuaminika. Muda unaotakiwa ili nusu yake iwe imevunjika huitwa nusu-maisha. Kwa urani-238 ni miaka bilioni 4.47, kwa urani-235 ni miaka milioni 704, na kwa thori-232 ni miaka bilioni 14 hivi. Radoni-222 ina siku 3.8 tu. Joto, shinikizo na kemia za kawaida chini ya ardhi havibadilishi chochote hapo, na ndiyo maana wanajiolojia waliigeuza tabia hii kuwa saa.

Saa bora zaidi imo ndani ya zirkoni, fuwele dogo lisilofikia hata punje ya mchanga mnene, linalopatikana kwenye miamba mingi ya granaiti. Linapojiunda ndani ya mwamba ulioyeyuka, zirkoni ni kama mwenye nyumba anayempokea mpangaji mmoja na kumfungia mlango mwingine: urani huingia, risasi hukataliwa. Risasi inayokutwa humo baadaye basi imezaliwa humohumo. Tena saa ni mbili ndani ya kasha moja, kwani urani-238 na urani-235 huvunjika kwa kasi tofauti. Katika fuwele la miaka bilioni 1.9, kiasi cha robo ya urani-238 kimeshakwenda, lakini urani-235 imepungua kwa asilimia 85 hivi. Majibu mawili yakilingana, mtafiti analala usingizi. Yasipolingana, anajua kwamba fuwele limevurugwa na joto au limevuja.

Umri huo wa miaka bilioni 1.9 haukuchaguliwa ovyo. Eneo la Mto Ugalla limekaa karibu na mpaka wa vipande viwili vya kale vya dunia: kaskazini mashariki kuna kitovu cha granaiti cha Tanzania, na kusini magharibi kuna Ukanda wa Ubende, wenye jina la nchi ya Wabende wa Mpanda. Mwaka 2012 Nelson Boniface wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walitangaza kwamba katika ukanda huo kuna miamba ambayo zamani ilikuwa sakafu ya bahari, ikasukumwa chini sana na kubanwa kati ya miaka bilioni 1.89 na 1.86 iliyopita. Bahari hiyo ilishafungwa kabla ya kuwapo mnyama yeyote. Pasipo urani na risasi yake, hakuna jicho ambalo lingeitambua chini ya miombo.

Sasa turudi kwenye yale mafurushi manane, maana hapo ndipo penye uhondo. Chembe ya alfa ikikwama ndani ya mwamba huokota elektroni mbili na kuwa atomu kamili ya heli. Hiyo ndiyo gesi ileile ya kwenye maputo ya harusi. Kila atomu ya urani-238 iliyomaliza safari yake imeacha risasi moja na heli nane.

Watu wa kwanza kupima umri wa miamba walijaribu warithi wote wawili. Ernest Rutherford alitumia heli, akizungumzia kazi hiyo mwaka 1904, na Bertram Boltwood wa Marekani akachapisha umri uliotokana na risasi mwaka 1907. Heli ilishindwa. Ni gesi nyepesi isiyoungana na kitu, hivyo hupenya nyufa na kutoroka, na miamba ya Rutherford ikaonekana michanga kuliko ilivyo. Risasi ndiyo iliyobaki nyumbani, na ndiyo iliyoshinda.

Uvujaji ule uliomharibia Rutherford hesabu ndio unaowaleta wachimbaji Bonde la Rukwa leo. Granaiti ya kawaida ina gramu tatu hadi tano za urani katika tani nzima, kiasi kidogo mno. Lakini gramu moja ya urani-238 hupoteza atomu 12,400 hivi kila sekunde, na kile kitovu cha granaiti cha Tanzania ni kikubwa na cha kale, baadhi ya miamba yake ikipita miaka bilioni 2.5. Heli ilijilimbikiza humo kwa muda ambao akili inakataa kuupokea. Kisha likaja Bonde la Ufa, ambalo Bonde la Rukwa ni sehemu yake. Joto la volkano likaichokoa heli kutoka kwenye madini, na maji ya ardhini pamoja na gesi ya nitrojeni yakaibeba juu kupitia nyufa.

Mwezi Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kwamba sehemu moja ya bonde hilo huenda ina futi za ujazo bilioni 54 za heli. Walikuwa wamepima mapovu kwenye chemchemi na kukuta gesi yenye heli hadi asilimia 10. Ili kuielewa namba hiyo, Marekani ilikuwa ikiichuja heli kutoka kwenye gesi asilia hata inapokuwa asilimia 0.3 tu. Mwaka 2024 kisima cha Itumbula, kusini mwa bonde, kilitoa heli ya kama asilimia 5. Ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Rukwa uko mkoani Katavi, mkoa uleule wa Mpanda.

Hospitali ndizo zinazoililia sana. Sumaku za mashine za MRI hufanya kazi zikiwa zimezamishwa kwenye heli ya kimiminika, kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri, na hakuna kiwanda kinachoweza kuitengeneza gesi hiyo kwa wingi unaotakiwa. Inatoka kwenye miamba ambamo urani na thori huvunjika, basi.

Msomaji anayeishi juu ya granaiti anaweza kuuliza kama yuko salama. Kwa alfa zilizokwama ndani ya jiwe, hana haja ya hofu. Hata ngozi, au karatasi tu, huzizuia. Mwili wa mtu mzima wenyewe huvunja viini zaidi ya 4,000 kila sekunde, vingi vikiwa vya potasiamu-40 iliyomo kwenye damu na misuli. Ya kuangaliwa ni radoni, kwa sababu ni gesi: huvutwa mapafuni na kuvunjikia humohumo. Katika nyumba inayopitisha hewa haikai. Penye kukusanyika ni chumba kilichofungwa kutwa, handaki, na shimo refu la mchimbaji mdogo wa dhahabu lisilo na tundu la pili la kuingiza hewa.