Hina Haina Haraka

Idi ikikaribia, korido za bweni letu hunukia ndimu na mafuta ya mkaratusi. Kila ghorofa ina fundi wake na kila fundi ana foleni yake. Nilipokuwa mwaka wa kwanza nilishindwa kusubiri, nikaenda kuchorwa piko mtaani. Nusu saa tu, mkono mweusi tii, picha zikapigwa. Siku ya nne maua yaleyale yakaanza kuwasha, yakavimba, yakatoa malengelenge, jani kwa jani. Hadi leo ukinitazama kifundo cha mkono utaliona ua moja. Ni kovu.

Jamani, ile haikuwa hina. Hina ni majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa. Ndani yake mna rangi iitwayo losoni, inayoshikana na keratini, protini ya tabaka la juu la ngozi. Huanza kama chungwa, ikaishia hudhurungi. Kiganjani na unyayoni, ambako ngozi ni nene, hukolea sana, lakini weusi wa mkaa haufikii. Weusi ule ni wa dawa ya nywele, kemikali inayoitwa PPD kwa kifupi. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi za nywele isizidi asilimia 2, na kuipaka kwenye ngozi ni marufuku. Fundi wa mtaani hapimi, anakoroga kwa jicho. Na mwili ukishaikataa mara moja haisahau: mimi nikitia rangi nywele hata miaka 20 ijayo, naweza kuvimba uso mzima.

Kwa hiyo sasa najichorea chumbani. Nunua unga wa kijani wenye harufu ya majani makavu, uchekeche kwa mtandio mwepesi (wako, si wa mwenzako). Koroga na maji ya ndimu hadi uwe mzito kama mtindi, tia matone machache ya mafuta ya mkaratusi, funika. Asidi ya ndimu ndiyo inayoitoa losoni kwenye majani, na haifanyi kazi hiyo kwa dakika kumi. Koroga asubuhi, chora usiku. Akitokea wa kukushauri petroli au mafuta ya taa, mfungulie mlango atoke. Koni nakunja kwa karatasi ya nailoni ya kufungia zawadi, nchani natoboa kwa sindano.

Ikianza kukauka, igusegusa kwa pamba yenye maji ya ndimu na sukari isipukutike. Kaa nayo saa 6 au zaidi. Ndiyo maana nachora Ijumaa, kamwe si usiku wa kuamkia tesi. Usiioshe, ikwangue, na maji uyakwepe hadi kesho yake. Utaona rangi ya chungwa na utanilaani. Subiri siku 2. Ikishakolea hudumu wiki 1 hadi 3, ngozi inavyojivua.

Ukienda likizo, kichanga cha nyumbani usikipake hata hii halisi. Mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi isiyo ngeni ukanda wetu, hina inaweza kumvunjia chembe nyekundu za damu.

Ijumaa hii nachora watu wanne. Njooni na ndimu zenu.