Afrika Kusini: Nyumba ya Groot Constantia, kati ya divai na utumwa

Anayefika Groot Constantia, pembezoni mwa mji wa Cape Town, kwanza huona weupe. Kuta ni nene na zimepakwa chokaa, paa ni la nyasi lenye mteremko mkali. Juu ya mlango mkuu ukuta wa mbele unapanda kupita paa, kingo zake zikiwa zimepindapinda kama mawimbi. Hiyo ndiyo alama kubwa ya nyumba za mashamba za Waholanzi katika eneo la Cape.

Shamba lilianza mwaka 1685, Simon van der Stel, mkuu wa koloni, alipopewa ardhi hiyo. Alifariki mwaka 1712 na shamba likagawanywa. Hendrik Cloete alinunua sehemu yenye nyumba mwaka 1778. Chini ya familia yake divai tamu ya Constantia ilisifika Ulaya kote. Hata Napoleon aliinywa akiwa uhamishoni Saint Helena.

Lakini zabibu hizo zililimwa na watumwa. Mwaka 1658 meli ya Amersfoort ilishusha Cape Waafrika waliotolewa Angola, jirani ya Kongo. Wengine walikuja kutoka Msumbiji, Madagaska, India na visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Utumwa ulifutwa Desemba 1834, ila waliokombolewa walilazimika kuwatumikia mabwana wao hadi 1838.

Nyuma ya nyumba lipo ghala la divai la mwaka 1791. Juu ya mlango wake kuna michongo ya Anton Anreith, fundi Mjerumani ambaye jina lake halikosi kutajwa pale. Watumwa wa mashamba ya Cape, wao, waliandikwa katika orodha za mali, pamoja na mapipa na ng'ombe.

Jambo moja wageni wengi hawalitambui: Desemba 1925 moto uliteketeza nyumba hii. Mbunifu F. K. Kendall aliijenga upya, kwa hiyo paa linalopigwa picha kila siku ni la karne ya 20, hata kama sura yake ni ya zamani.

Leo nyumba ni makumbusho chini ya taasisi ya Iziko, na maisha ya watumwa ni sehemu ya historia inayoelezwa humo. Hatua chache kutoka hapo, divai ya Constantia bado inauzwa.