Tunakwenda St Kilda kwa Ajili ya Mama

Safari zetu nyingi sisi akina mama huwa ni za lazima. Tunakwenda kuuguza, kuzika, kuhudhuria harusi, kupeleka watoto shule. Ni mara chache mama wa nyumba hukaa chini na kupanga safari ndefu kwa sababu ambayo jirani hawezi kuielewa mara moja. Hata hivyo, hiyo ndiyo safari tunayoipanga sisi dada watatu, mwezi Juni ujao Mungu akipenda. Tunakwenda St Kilda, visiwa vilivyo peke yake katika bahari ya Atlantiki, magharibi ya Scotland. Tungependa kuwaeleza sababu, kisha tuwaeleze jinsi tunavyojiandaa, kwa maana huenda miongoni mwenu yupo mwenye safari kama hii moyoni.

Habari tuliyoisikia jikoni

Mama yetu mzazi alijifungua mtoto wake wa kwanza mwaka 1968, nyumbani, katika kijiji kilicho upande wa Mlima Kenya. Alikuwa mvulana mwenye afya. Siku ya tano alikataa kunyonya. Taya zikakaza, mwili ukawa unajikunja kila alipoguswa, na siku ya nane akafariki. Wazee walisema ni mapenzi ya Mungu, wengine wakasema ni jicho baya. Hakuna aliyesema ni pepopunda.

Miaka mitatu baadaye mama alianza kujifunza ukunga katika hospitali ya misheni ya Waskoti. Mwalimu wake alikuwa muuguzi kutoka Scotland, mama mtu mzima, mkali wa kunawa mikono. Siku alipofundisha juu ya kitovu cha mtoto mchanga, mama alishindwa kujizuia akatoka nje akilia. Yule mwalimu alimfuata, akaketi naye kwenye ngazi, akamwambia kwamba katika nchi yake kulikuwa na kisiwa ambacho akina mama walilia machozi hayo hayo kwa vizazi vingi. Jina la kisiwa ni Hirta, kikubwa kuliko vingine vya St Kilda. Ugonjwa ule waliuita ugonjwa wa siku nane.

Habari hiyo mama alitusimulia jikoni mara nyingi, na kila mara alimalizia kwa kusema, "Siku moja ningependa kusimama pale." Alistaafu, akaugua, akatuacha mwaka 2021 bila kufika. Ndiyo maana tunakwenda sisi.

Watoto wa Hirta

St Kilda iko kilomita 60 hivi kutoka visiwa vya karibu vyenye watu. Kwa karne nyingi wakazi wake waliishi kwa kondoo, nafaka kidogo na ndege wa baharini. Wanaume waliteremka kwenye majabali kwa kamba kukamata ndege na kukusanya mayai. Jabali refu kuliko yote pale lina urefu wa zaidi ya mita 400 kutoka baharini. Nyama ya ndege ilikuwa chakula chao, manyoya na mafuta walilipia kodi.

Lakini kulikuwa na adui ambaye hakuonekana. Mgeni aliyefika kisiwani mwaka 1758, mchungaji Kenneth Macaulay, aliandika jinsi watoto walivyoacha kunyonya siku ya nne au ya tano, na jinsi taya zao zilivyokaza kiasi cha kutoweza kumeza kitu. Muuguzi yeyote akisoma maelezo hayo leo anautambua ugonjwa papo hapo. Katika karne ya 19 kulikuwa na miaka ambayo zaidi ya nusu ya watoto waliozaliwa pale walikufa kwa ugonjwa huo. Hebu fikiri, mama mwenzetu: kubeba mimba miezi tisa, kujifungua salama, halafu kuhesabu siku kwa hofu hadi ya nane.

Vijidudu vya pepopunda huishi katika udongo na kinyesi cha wanyama. Katika nyumba za zamani za Hirta, ng'ombe walilala ndani pamoja na watu wakati wa baridi, na samadi iliachwa sakafuni hadi majira ya kulima. Tena inasemekana kwamba kitovu cha mtoto kilipakwa mafuta ya ndege aitwaye fulmar, yaliyohifadhiwa katika tumbo lililokaushwa la ndege mwingine. Wataalamu hawakubaliani kama kosa lilikuwa katika mafuta yale, au kisu, au mikono. Njia yoyote iliyotumika, uchafu uliingia kwenye kitovu kibichi.

Watu wa Hirta walikuwa wacha Mungu. Wengi wao waliamini kwamba vifo hivyo vilikuwa amri yake, na kuvizuia ni kushindana naye. Mwaka 1889 alifika mchungaji mwingine, Angus Fiddes. Yeye hakukubali kuzika watoto na kunyamaza. Alisafiri hadi Glasgow kujifunza mambo ya uzazi na usafi. Huko Glasgow ndiko daktari Joseph Lister alikokuwa ameanza, mwaka 1865, kutibu vidonda kwa dawa ya kuua vijidudu. Fiddes akarudi na maarifa hayo, akasisitiza kitovu kitunzwe kwa usafi na dawa. Haikuwa kazi rahisi, kwa kuwa mkunga wa zamani hapendi kufundishwa, na mchungaji mwanamume katika chumba cha uzazi ni jambo gumu mahali popote. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1890 vifo vile vilikoma.

Siku ya kuondoka

Watoto walianza kuishi, lakini vijana wengi walikuwa wakihama, na kisiwa kikabaki na watu wachache. Januari 1930 mama mmoja kijana, Mary Gillies, aliugua akapelekwa hospitali bara, akafia huko. Kwa miaka mingi ilidhaniwa ni ugonjwa wa kidole tumbo. Mwanawe alipopata cheti cha kifo mwaka 1991 ndipo alipojua kwamba mama yake alikufa kwa nimonia baada ya kujifungua binti, naye binti hakuishi.

Kifo hicho kiliwavunja moyo waliobaki. Muuguzi wa kisiwa wakati huo, Williamina Barclay, alizungumza nao na kuwasaidia kufikia uamuzi. Waliiandikia serikali barua ya kuomba kuhamishwa, na tarehe 29 Agosti 1930 watu 36 wa mwisho walipanda meli. Katika kila nyumba waliacha Biblia ikiwa wazi na kirundo kidogo cha nafaka, kisha wakafunga milango. Rachel Johnson, wa mwisho kati ya wenyeji hao, alikuwa na miaka 8 siku ile. Alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 93.

Leo visiwa hivyo vinatunzwa na shirika la National Trust for Scotland, na tangu mwaka 1986 vimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wapo watunzaji na wafanyakazi wa kituo cha kijeshi, lakini hakuna mkazi wa kudumu. Mgeni anaweza kuona mstari wa nyumba za mawe, kanisa dogo na chumba cha shule, na nyuma ya nyumba makaburi yaliyozungushiwa ukuta. Makaburi mengi yana jiwe tu, bila jina.

Mjadala wa pesa

Msidhani tulikubaliana kwa urahisi. Tulipoanza mazungumzo, dada wa pili alisema wazi, "Pesa hizo ni karo." Shangazi naye aliuliza kama tumeishiwa na makaburi ya kutembelea hapa nyumbani. Hayo ni maneno ya haki, na ndoa nyingi zimetikiswa na pesa zilizotumika bila kusemezana.

Kwa hiyo tuliwekeana masharti matatu. Kwanza, waume wetu wajue kila shilingi. Pili, karo haiguswi, na mwenye mtoto anayeingia kidato cha kwanza apumzike kuchanga mwaka huo. Tatu, hakuna kukopa. Tumekuwa tukiweka shilingi 10,000 kila mmoja kwa mwezi katika akaunti ya pamoja tangu mwaka 2023. Dada wa pili alipumzika mwaka mmoja, nasi wawili tukaongeza kidogo. Leo yeye ndiye mtunza hazina, na hakuna anayemshinda kwa kuhesabu.

Njia ya kufika

Kutoka Nairobi tutapanda ndege hadi London, kisha nyingine hadi Inverness, kaskazini mwa Scotland. Hapo kuna treni ya kwenda Kyle of Lochalsh, mwendo wa saa mbili na nusu hivi, halafu basi hadi bandari ya Uig katika kisiwa cha Skye. Feri hutoka Uig hadi Tarbert katika kisiwa cha Harris kwa muda usiofika saa mbili. Kutoka Tarbert ni basi tena hadi Leverburgh. Huko ndiko zinakotoka mashua za St Kilda, safari ya saa tatu hivi kwenda na saa tatu kurudi.

Mashua hizi husafiri kuanzia Aprili hadi Septemba, na nauli ni zaidi ya pauni 200 kwa mtu mmoja. Ziwekewe nafasi miezi mingi mapema, maana huchukua watu wachache. Wenye mashua humtaka mgeni awe na siku ya akiba, kwani bahari ikichafuka hakuna safari. Sisi tutafika Harris siku ya Ijumaa. Jumapili kule maduka mengi hufungwa, na watu wengi bado huishika siku hiyo kwa heshima, basi nasi tutakwenda ibadani. Tunatamani kusikia zaburi zikiimbwa kwa lugha ya Kigaeli, mmoja akitangulia na kanisa lote likifuata. Jumatatu ni siku ya mashua, na tumeacha siku tatu nyuma yake.

Mambo ya kutayarisha

Viza ya Uingereza. Mkenya anahitaji viza ya mgeni. Maombi huwasilishwa si zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, na jibu huchukua wiki tatu hivi. Weka tayari taarifa za benki, barua ya kazi na mpango wa safari. Nauli kubwa isiyorudishwa usiilipe kabla ya kupata jibu.

Afya. Dada mkubwa ana shinikizo la damu. Dawa zake zitakaa katika mkoba wa mkononi pamoja na cheti cha daktari, kamwe si katika sanduku la kukabidhi. Tutanunua bima ya safari inayojua ugonjwa wake. Tutabeba pia vidonge vya kichefuchefu, vya kumeza kabla ya mashua kuondoka, kwa sababu ukishaanza kutapika umechelewa.

Magoti. Hirta mashua kubwa haifungwi gatini. Mgeni hushuka katika mashua ndogo, kisha hupanda ngatini. Kwa hiyo kila Jumamosi sisi watatu tunatembea kilomita 5 na kupanda vilima. Wajukuu wanatucheka, lakini magoti yanashukuru.

Mavazi. Juni kule ni kiangazi, lakini joto mara nyingi halizidi nyuzi 15, na upepo ni mkali. Koti la mvua, sweta, viatu vya kushika ardhi. Jua huchelewa kutua hadi baada ya saa nne usiku. Malaria hakuna, lakini kuna visubi wanaouma. Chakula cha siku nzima beba mwenyewe, maana kisiwani hakuna hoteli.

Mizigo. Wageni huombwa kukagua mikoba na kusafisha viatu, ili panya au mbegu ngeni zisiingie na kuharibu makao ya ndege. Mdogo wetu alitaka tubebe udongo kidogo kutoka kaburi la kaka yetu. Hilo haliwezekani, kwa kuwa Uingereza hairuhusu udongo wa nje. Mama mwenyewe, aliyefahamu vizuri kilichomo ndani ya udongo, asingeruhusu. Tumekubaliana kwamba penye makaburi yale tutaomba, na kulitaja jina la kaka yetu kwa sauti.

Ikiwa bahari itakataa? Siku isiyo na ukungu, St Kilda huonekana kwa mbali kutoka milima ya Harris. Tutapanda mlima na kuomba kutoka hapo. Tumelikubali jambo hilo kabla ya kuondoka, ili tusije tukagombana ugenini.

Neno kwa akina mama

Huhitaji kufika Scotland ili kuwaheshimu akina mama wa Hirta. Mwenye mimba ya kwanza ambaye hajachanjwa apate angalau sindano mbili za pepopunda, zikipishana wiki nne au zaidi, na ya pili iwe wiki mbili au zaidi kabla ya kujifungua. Kliniki itampangia zilizobaki hadi zifike tano. Jifungulie penye mhudumu aliyefunzwa. Kitovu kisipakwe majivu, mate, samadi wala mafuta ya nyumbani. Kiwe safi na kikavu, na dawa iwe ile tu uliyopewa kliniki. Mtoto mchanga akiacha kunyonya, usingoje kesho.

Na mama mkwe akisema zamani hatukufanya hivyo, mjibu kwa heshima, mwandalie chai, halafu umpeleke mtoto kliniki. Mchungaji Fiddes aliomba, na tena akanawa mikono. Mama yetu alifanya vivyo hivyo kwa miaka zaidi ya 30, na watoto aliowapokea wengi wao leo ni wazazi.

Tuombeeni bahari tulivu mwezi Juni.