Herufi Nne, Sauti Nyingi

Mwanafunzi akikosea kusoma maneno ya Kiingereza "cough", "tough", "though" na "through", tusimcheke. Yote huishia kwa herufi zile zile nne, o-u-g-h, lakini husomwa kof, taf, dho na thru. Hapo kale Waingereza waliitamka "gh" hiyo kooni, mfano wa "kh" katika kheri. William Caxton alipoleta Uingereza mtambo wa kupiga chapa mwaka 1476, maendelezo ya maneno yakaanza kuthibiti, hali matamshi yaligeuka: pengine sauti ile ikawa f, pengine ikatoweka. Basi sisi walimu tusimwadhibu mtoto kwa kanuni isiyokuwapo. Tumfundishe kila neno kwa sikio kwanza, kisha kwa jicho.