Alizeti za Kudumu na Nyuki wa Porini

Alizeti tunayoipanda Kenya kwa ajili ya mafuta hufa ikiisha kukomaa, na mkulima hana budi kupanda tena. Lakini Amerika ya Kaskazini, ambako ndiko asili ya alizeti, ziko aina nyingi ambazo mashina yake hukauka wakati wa baridi, lakini mizizi hubaki hai na kuchipua kila mwaka. Mojawapo ni Helianthus tuberosus, ambayo wenyeji walikula viazi vyake kabla Wazungu hawajafika.

Faida kubwa ya mimea hiyo ni kulisha wadudu. Lile tulidhanialo kuwa ua moja ni maua madogo mengi yaliyoshikamana, nayo hufunguka kwa siku kadhaa, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Kila ua dogo kwanza hutoa chavua, yaani ule unga wa manjano, kisha huwa tayari kupokea chavua ya mmea mwingine. Nyingi ya alizeti hizi hazizai mbegu kwa chavua yake zenyewe, zategemea wadudu.

Wadudu nao wazitegemea. Nyuki wa asali si wenyeji wa Amerika. Walipelekwa na Wazungu katika karne ya 17. Wenyeji ni nyuki wa porini, na wengi wao huchimba vishimo ardhini. Baadhi yao huwalisha watoto wao chavua ya alizeti na ya mimea ya jamaa yake tu. Basi mimea hiyo ikifyekwa, hawana chakula kingine cha kuwapa.

Atakaye kuwasaidia huko hufanya hivi. Huchagua mahali penye jua kutwa. Hupanda mbegu zilizotoka katika mimea mbalimbali, kwani vipande vya mzizi mmoja ni sawasawa na mmea mmoja, havizalishani. Huacha sehemu ya udongo bila kulimwa, nyuki wapate kuchimba. Hanyunyizi dawa ya wadudu maua yakiwa wazi. Na kwa kuwa mizizi hutambaa upesi, huipunguza kila baada ya miaka michache.

Msomaji wa Kenya asiagize mimea hiyo. Tithonia diversifolia, ifananayo na alizeti, ililetwa kutoka ng'ambo, na sasa yaenea kando ya barabara za magharibi. La kuigwa ni hili: mkulima asifyeke maua yote ya asili mipakani mwa shamba lake, kwani nyuki wazalishao maboga na matikiti yake wahitaji chakula hata baada ya mazao kuacha kuchanua.